Kasumba Haiingii kwa Mashine

Msomaji kijana, katika vitabu vya hadithi za picha vitokavyo Marekani iko hadithi moja isimuliwayo mara nyingi kwa majina mbalimbali. Shujaa mwema hutekwa na adui. Adui humfunga, humtia dawa au humweka chini ya mashine ya ajabu, akamgeuza akili, na shujaa akarudi kuwapiga rafiki zake. Rafiki hao hushangaa, hupigana naye kwa huzuni, na mwishowe humwokoa. Akili humrudia, wote hufurahi, na kitabu hufungwa. Hadithi hii hupendwa na vijana wengi, wala si ajabu, kwa kuwa ina vita, hofu na wokovu. Lakini ndani yake umo uongo, na uongo huo si mdogo.

Tutazame mfano ulio wazi. Mwaka 1975 lilianza kutolewa toleo la mashujaa waitwao The Invaders, lililoandikwa na Roy Thomas na kuchorwa na Frank Robbins. Habari zake zimewekwa katika Vita Vikuu vya Pili. Kundini yumo Captain America, askari mwenye ngao. Yumo Human Torch, mtu wa kutengenezwa awakaye moto bila kuungua. Yumo Namor, mwana wa mfalme wa chini ya bahari. Na wamo vijana wawili wasaidizi wao, Bucky na Toro. Mwaka 1976 ikatolewa hadithi ya sehemu nne ambamo Red Skull, mtumishi wa Hitler mwenye uso wa fuvu jekundu, aliwateka mashujaa hawa na kuwageuza akili wamtumikie yeye. Bucky akanusurika. Akakusanya mashujaa wengine saba, wakaitwa Liberty Legion, wakaenda kupambana na wale ambao jana walikuwa walinzi wao. Kufika mwisho wa hadithi waliogeuzwa walikuwa wamekwisha kugeuzwa tena, safi kama maji ya mvua.

Hadithi ya namna hii hufundisha mambo mawili bila kuyataja. La kwanza ni kwamba uovu humwingia mtu kutoka nje, kwa ghafula na kwa nguvu, na kwa hiyo hauna mwenyewe. La pili ni kwamba mtu aliyeacha upande wetu hawezi kuwa na sababu. Lazima akili yake imeharibiwa. Mambo yote mawili ni ya uongo, na yote mawili yamekwisha kuwagharimu watu damu.

Tuanze na la kwanza. Waingereza na Wamarekani husema mtu ameoshwa ubongo. Sisi twasema ametiwa kasumba, na neno letu lina hekima kuliko lao. Kuosha hufanywa na mwingine, wewe umelala. Lakini kasumba, kwa asili yake, ni afyuni. Nayo afyuni haimshindi mtu kwa siku moja. Huonjwa leo, huonjwa kesho, huleta raha, na mkono uipelekao kinywani aghalabu ni mkono wa mlaji mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nchi yenyewe ya Red Skull. Ujerumani ya Hitler haikuhitaji mashine ya kugeuza akili. Ilikuwa na shule, nyimbo, sare, bendera na kambi za vijana. Sheria ya Desemba 1936 ilitaka vijana wote wa Kijerumani walelewe katika chama cha vijana cha Hitler, na mwaka 1939 kuingia kukafanywa lazima. Mwaka 1938 kampuni ya Julius Streicher ilichapa kitabu cha picha kwa watoto wadogo kilichowafananisha Wayahudi na uyoga wenye sumu. Vitabu vya hesabu viliwataka wanafunzi wapige hesabu ya fedha zitumiwazo na serikali kuwatunza wagonjwa wa akili. Mtoto alijumlisha, akatoa, akapata alama nzuri. Kisha, katika miaka ya 1940 na 1941, wagonjwa zaidi ya 70,000 wakauawa kwa gesi kwa amri ya serikali, na wengi waliopata habari wakanyamaza. Nani aliwafunga wale walionyamaza chini ya mashine? Hakuna. Somo lilikuwa limekwisha kuingia, tena limeingia kwa penseli na karatasi.

Na wale waliotoka katika kasumba hiyo, walitokaje? Walitoka kwa kufikiri. Hans Scholl na dada yake Sophie waliingia katika vyama vya vijana vya Hitler kwa shauku, ijapokuwa baba yao hakupenda. Baadaye wakaanza kuona, wakasoma, wakajadiliana na rafiki zao, wakaona haya kwa yale yatendwayo kwa jina la nchi yao. Wakaandika karatasi za kuwaita Wajerumani wampinge Hitler, wakazisambaza kwa siri katika mji wa Munich. Tarehe 22 Februari 1943 walikatwa vichwa pamoja na mwenzao Christoph Probst. Sophie alikuwa na umri wa miaka 21. Hapakuwa na shujaa mwenye ngao aliyempiga kichwani hata akazinduka. Alizinduka mwenyewe, na gharama yake akailipa mwenyewe. Basi yeyote aonaye kwamba mtu aliyepotoka hana la kufanya ila kungoja kuokolewa, amemdhulumu Sophie Scholl.

Sasa tuje kwa uongo wa pili, kwamba mtu aliyetuacha lazima ameharibiwa akili. Uongo huu haukuzaliwa katika vita ya Hitler. Neno la Kiingereza la kuosha ubongo lilienezwa mwaka 1950 na mwandishi wa habari wa Kimarekani, Edward Hunter, aliyelitoa katika Kichina. Likapata nguvu katika vita ya Korea, iliyopiganwa toka 1950 hata 1953. Vita ilipokoma, askari 21 wa Marekani waliokuwa mateka walikataa kurudi kwao, wakachagua kwenda China. Marekani ikashikwa na fadhaa. Watu wengi hawakuuliza askari wale walikuwa na sababu gani. Walisema tu kwamba wameoshwa ubongo. Lakini mmoja wao, Clarence Adams, Mmarekani mweusi wa Memphis, aliyerudi kwao mwaka 1966, alieleza sababu yake: ni ubaguzi wa rangi uliowatesa watu wake katika nchi yao wenyewe. Mtu aweza kuona kwamba alichagua vibaya. Hawezi kusema kwamba hakuchagua.

Hofu hiyo ilizaa uovu wake. Mwaka 1953 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilianza mradi wa siri ulioitwa MKULTRA ili kutafuta njia ya kuitawala akili ya binadamu. Watu wengine walipewa dawa za kulevya bila kujua. Habari hizo zilifunuliwa kwa umma mwaka 1975, mwaka ule ule The Invaders walipoanza kutolewa. Mashine ya Red Skull haikupatikana. Walichopata ni watu walioumizwa. Waandishi wa hadithi za picha waliichukua hofu hii ya miaka ya 1950, wakaivika sare ya askari wa Vita Vikuu vya Pili, wakawauzia watoto.

Wala tusidhani hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Katika miaka ile ile ya hofu, fikira hiyo ilitumika hapa Kenya juu ya wazee wetu. Serikali ya kikoloni ilipokabiliwa na Mau Mau, ilikuwa na habari za kutosha juu ya watu walionyang'anywa ardhi na kunyimwa uhuru. Walakini ilipendelea kusema kwamba watu hao ni wagonjwa wa akili waliopotoshwa na kiapo. Mwaka 1954 Daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya Mathari, aliiandikia serikali ripoti iliyoieleza Mau Mau kama jambo la saikolojia. Katika makambi, mtu aliyefungwa bila hukumu alitakiwa akiri kiapo na afanye kazi, ndipo ahesabiwe kuwa ametakasika. Ni kweli, wako waliolishwa kiapo kwa nguvu. Lakini madai ya ardhi hayakuwa ugonjwa. Na tazama dawa iliyotolewa: tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hata wakafa kwa kuwa walikataa kufanya kazi, na serikali kwanza ikasema wamekufa kwa kunywa maji. Ukisha kuamini kwamba mwenzako hana akili yake, huoni haja ya kumsikiliza. Waona haja ya kumpiga mpaka akili imrudie, kama wafanyavyo mashujaa katika kitabu cha picha.

Wako watakaosema, "Mwalimu, hizi ni hadithi za kupitisha wakati, na kila mtoto ajua kwamba mashine hiyo haipo." Ndiyo, mtoto huicheka mashine, lakini mafundisho hubaki. Tena hadithi ya picha si lazima iwe pumbavu. Mwaka 2005 mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting walimrudisha yule yule Bucky, aliyedhaniwa kuwa alikufa mwaka 1945. Walieleza kwamba Warusi walimpata, wakamfutia kumbukumbu, wakamfanya muuaji. Hapo nako mashine imo. Lakini kumbukumbu ilipomrudia, Bucky hakufurahi. Aliwakumbuka aliowaua, akaubeba mzigo huo katika vitabu vilivyofuata, ingawa alikuwa na udhuru mkubwa kuliko wetu sote. Waandishi hao waliukaribia ukweli: kuzinduka si mwisho wa hadithi, bali ni mwanzo wa kujibu.

Basi, kijana, sikukatazi kusoma. Soma, lakini uwe na maswali. Ukimwona shujaa aliyegeuzwa, uliza: kabla ya kutekwa alikuwa akitamani nini, akichukia nini, akinyamazia nini? Ukiambiwa kwamba watu fulani wameharibiwa akili, wawe wa kabila jingine, wa dini nyingine au wa chama kingine, uliza: madai yao ni yapi, na ni nani anufaikaye yasiposikika? Na siku utakapojiona unaimba pamoja na wengi wimbo wa kuwadharau wengine, usimtafute Red Skull nyuma ya pazia. Kikulacho ki nguoni mwako. Utazame mkono wako mwenyewe, uone unapeleka nini kinywani.