Kodi ya Miezi Isiyokaliwa ni Deni

Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi sita au mwaka kabla ya kuingia. Wakitolewa mapema, huambiwa fedha zimekwisha kutumika. Ndugu Waislamu, katika ijara kodi ni malipo ya manufaa. Mwenye nyumba akivunja mkataba, miezi isiyokaliwa ni deni shingoni mwake. Mpangaji akihama kwa hiari, yarejewe masharti yaliyoandikwa. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandikiana. Tunamnasihi mdai aende kwa upole, na stakabadhi na mashahidi. Akikataliwa, asione haya kwenda Baraza la Kata kusuluhishwa, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Deni halifi kwa mpangaji kuhama. Wallahu aalam.