Filamu Ipi kwa Jua la Mwandoya?

Katika upigaji wa picha nyeusi na nyeupe imezoeleka kuipima filamu kwa jambo moja tu, yaani udogo wa chembe zake za fedha. Filamu ya polepole, yenye kasi ya ISO 50 au 100, huhesabiwa kuwa bora. Ile ya ISO 400 huonekana kuwa ya dharura. Kipimo hicho kina haki yake kwa kamera ndogo za milimita 35. Kwa kamera za filamu pana ya namba 120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1901, hakitoshi. Na katika mazingira ya Mwandoya, wilayani Meatu, chaweza kuleta hasara.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Negativu ya kamera ndogo ina milimita 24 kwa 36. Ile ya mraba ya filamu pana ina takriban 56 kwa 56, eneo ambalo ni zaidi ya mara tatu na nusu. Ili kupata picha ya mraba yenye upana wa sentimita 20, negativu ndogo hukuzwa zaidi ya mara nane, ilhali ile pana haifiki hata mara nne. Kwa hiyo chembe za filamu ya ISO 400 hazisumbui jicho. Ukubwa wa negativu umekwisha kulipia ulaini wa picha, na kasi ya filamu yaweza kutumika kwa haja nyingine.

Haja hiyo ipo. Mwandoya iko chini ya nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, macho ya mtu hugeuka mashimo meusi, na shati jeupe hupoteza mikunjo yake. Mpiga picha mwangalifu humhamishia mtu kivulini, ambako mwanga hupungua hadi sehemu moja ya nane au chini ya hapo. Hapo, kwa tundu la f/8, filamu ya ISO 50 hudai takriban sehemu ya 25 ya sekunde, na mkono hutikisika. Ile ya ISO 400 hutosheka na sehemu ya 200. Tena ngozi nyeusi huangukia upande wa negativu unaopokea mwanga kidogo. Mwanga usipofika hapo, hapana dawa itakayourudisha. Filamu isiyoona rangi nyekundu huizidishia weusi ngozi ya kahawia. Yafaa basi ile ionayo rangi zote.

Hata miongoni mwa filamu za ISO 400 hapana budi kuchagua. Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X zina fuwele za jadi. Kodak T-Max 400 na Ilford Delta 400 zina fuwele bapa, zenye chembe laini zaidi, lakini huathirika upesi zaidi na mabadiliko ya muda na joto la dawa. Majedwali ya viwandani aghalabu huchukulia nyuzi 20 za Sentigredi. Maji ya Simiyu mara nyingi huzidi hapo, na muda wa kusafisha ukishuka chini ya dakika 5 filamu huweza kutoka na mabaka. Tiba ni kuizimua dawa ili muda urefuke, na kutumia filamu yenye kustahimili. Kwa sababu hiyo zile za jadi zastahili kutangulizwa.

Filamu za polepole zibaki na kazi zake: kunakili nyaraka, au kupiga jani na mdudu kwa kamera iliyosimikwa juu ya miguu mitatu. Lakini picha ya mzee ni kumbukumbu ya ukoo. Studio kama Capital Art ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1930, zimeonyesha jinsi picha za fedha zinavyoweza kuwapita umri waliopigwa. Uso uliomezwa na kivuli hautafufuliwa na wajukuu. Kila mpiga picha na atoe sadaka roli moja ya majaribio, katika maji yake mwenyewe na chini ya jua lake mwenyewe, kabla ya kuliamini jedwali la ng'ambo.