KUKU ALISEMA, SERIKALI IKANYAMAZA!

Ndugu msomaji, wewe unayeagiza chipsi kuku kila jioni, umewahi kujiuliza kuku huyo alilishwa nini? Usicheke. Swali hilo liliwang'oa vigogo wa Ubelgiji.

Januari 1999, mafuta machafu ya transfoma yenye kemikali za PCB na dayoksini yalichanganyika na mafuta ya kutengenezea chakula cha mifugo. Dayoksini yenyewe ilikuwa kama gramu 1 tu! Ikaingia katika tani zipatazo 500 za chakula, ikasambaa katika mashamba zaidi ya 2,000. Kuku wakapunguza kutaga, vifaranga wakafa.

Sikia ujanja wa sumu hii. Haiyeyuki katika maji, kwa hiyo haitoki kirahisi kwa mkojo. Hujificha katika mafuta ya mnyama. Leo kidogo, kesho kidogo, inalundikana. Kuku huipunguza kwa kuitoa ndani ya kiini cha yai, ng'ombe huitoa ndani ya maziwa. Maana yake mnyama anapopata nafuu, wewe unaimeza! Ikishakuingia, nusu yake tu huchukua miaka 7 hadi 11 kutoka. Mama naye humnyonyesha mwanawe sumu hiyo hiyo bila kujua. Moto wa jiko hauiondoi. Na aina yake kali kuliko zote, TCDD, ilitangazwa mwaka 1997 na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa inaleta saratani kwa binadamu.

Sasa tazama wakubwa walivyofanya. Majibu ya maabara yalipatikana mwishoni mwa Aprili. Wananchi wakaambiwa mwishoni mwa Mei! Mwezi mzima walalahoi wanakula, wakubwa kimya. Juni 1, mawaziri wa afya na kilimo wakajiuzulu. Juni 13, wapiga kura wakaiangusha serikali ya Jean-Luc Dehaene.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2014 iliripotiwa Kenya kwamba mafuta ya transfoma yanaibwa na kuuzwa kwa wakaanga chipsi. Na transfoma nyingine za zamani zina PCB hizo hizo.

Kijana, muulize mbunge wako: nani anapima mafuta na chakula cha kuku mtaani kwetu, na majibu yanabandikwa wapi? Akijiumauma, kumbuka Ubelgiji. Sumu hutoka mwilini kwa miaka. Mficha sumu hutoka kwa kura, siku moja tu.