Nani Kasema Kifaransa ni cha Wenye Ada?

Ndugu zangu wa kalamu, kuna ugonjwa umetuingia hapa mjini. Ni ugonjwa wa kuamini kwamba akili ya mtu huishia siku matokeo ya kidato cha nne yanapobandikwa ukutani. Ukionekana mtaani na kitabu cha Kifaransa, nawe una miaka ishirini na sita na unauza vipuri Gerezani, swali ni moja tu: "Vipi, unakwenda Ulaya?" Ukijibu hapana, wanacheka. Kwao lugha ni viza, na asiyepanda ndege kakesha bure.

Mimi najiandaa kufanya mtihani wa DELF, ngazi ya B2, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sijakaa darasa la kulipia hata siku moja. Mwalimu mmoja, jina namhifadhia, aliniambia kwamba bila kozi nitakuwa "napiga ramli". Basi na tupime: nani hasa anayepiga ramli?

Kwanza tuuondolee mtihani huu ushirikina. DELF ni cheti cha serikali ya Ufaransa, kilianzishwa mwaka 1985, na tangu 2005 kimepangwa kwa ngazi: A1, A2, B1 na B2. Juu yake ipo DALF, yaani C1 na C2. Kila ngazi ina mtihani wake, na hulazimiki kuanza na A1 ndipo ufike B2. Sehemu ni nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Ukipata 50 kati ya 100, na usishuke chini ya 5 katika sehemu yoyote, umefaulu, na cheti hakiishi muda wake. Hakuna sehemu ya tano inayouliza ulisomea wapi na ada ulilipa shilingi ngapi. Kwa hiyo ukisikia mtu anatamba kijiweni kwamba "ana DELF", muulize taratibu: ngazi gani, bwana? Maana A1 ni kujitambulisha, kusalimia na kuuliza bei.

Pili, wanatutisha na sarufi. Eti Kifaransa kigumu, kila nomino ina jinsia! Jamani, sisi? Sisi tunaosema kiti kizuri kimevunjika na miti mizuri imevunjika, tukapatanisha ngeli zote hizo tangu tunanyonya, tushindwe na makundi mawili tu? Shida ya kweli iko kwenye masikio. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, lakini Mfaransa ataandika parle, parles na parlent, halafu zote azitamke sawasawa. Dawa ya hapo ni kusikiliza, tena kila siku. Redio ya Kifaransa imo ndani ya simu hiyo hiyo tunayoangalizia matokeo ya Simba na Yanga.

Hapa nakubali jambo moja: huwezi kujifunza kuzungumza ukiwa peke yako chumbani. Kwenye B2 unapewa maandishi mafupi, dakika 30 za kujiandaa, kisha unatoa msimamo wako na kuutetea mbele ya watahini. Lakini kusoma kwa kujitegemea sio kusoma bila watu. Kariakoo wanakuja wafanyabiashara kutoka Kongo na Burundi, watu wanaozungumza Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja. Mimi nabishana nao wakati wanachagua mali. Nao hawanionei haya. Nikikosea wananirekebisha hapo hapo, mbele ya wateja. Darasa gani litakupa hivyo bure?

Tatu, kuna wenzetu wa siasa kali, tena waandishi, wanaosema Kifaransa ni lugha ya mkoloni, mwandishi wa Kiswahili anaitakia nini? Nawaheshimu, lakini nawauliza: mnamjua Sembene Ousmane? Msenegali yule aliacha shule angali mtoto, akabeba mizigo bandarini Marseille, akajisomea mwenyewe, na mwaka 1956 akatoa riwaya kwa Kifaransa. Baadaye, mwaka 1968, akatoa filamu Mandabi kwa Kiwolofu, lugha ya watu wake. Lugha ya mgeni haikumfunga. Aliipita kama mlango. Au Agota Kristof, aliyeikimbia Hungaria mwaka 1956 akiwa na kichanga, akafanya kazi kiwanda cha saa huko Uswisi, akajifunza Kifaransa ukubwani, na mwaka 1986 akatoa riwaya kwa lugha hiyo hiyo. Miaka thelathini! Sisi tunakata tamaa kwa miezi mitatu.

Na hasara ya uvivu huu tunaibeba sisi wasomaji. Tulipata Boi ya Ferdinand Oyono, tukapata Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, tukashukuru. Lakini rafu ya tafsiri bado nyembamba, na vingi nilivyosoma vya Afrika Magharibi nimevisomea Kiingereza. Yaani jirani akitaka kunisimulia habari zake, lazima kwanza apitie London! Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi imo tangu 2007. Bukavu na Lubumbashi wapo vijana wa rika letu wanaopiga soga kwa Kiswahili na kuandika hadithi kwa Kifaransa. Nani atawatafsiri? Tusubiri profesa?

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Cheti nakitaka, kwa sababu mhariri asiyenijua hataniamini kwa sura. Ila cheti ni kipimo, kazi yenyewe ni kitabu. Anayekusanya vyeti avitie fremu sebuleni, bila kusoma hata riwaya moja, huyo ndiye anayepiga ramli.

Vijana wenzangu, ada ikiwepo lipeni, darasa halina dhambi. Isipokuwepo, msiwaombe radhi watu. Nunueni daftari, tegeni sikio, tafuteni wa kubishana naye. Na ninyi wahariri wa gazeti hili, tengeni ukurasa mmoja kila toleo kwa hadithi iliyotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kifaransa. Ya kwanza nitaileta mimi. Mkiona mbovu, ikataeni, lakini kwa sababu ya ubovu wake, sio kwa sababu mtafsiri anauza vipuri.