Kikofia Cheupe Hakilainishi Kitu

Nenda harusi yoyote Dar es Salaam Jumamosi usiku, utamwona mpiga picha ana flashi juu ya kamera, na juu ya flashi kikofia cheupe cha plastiki. Hakivui. Ukumbini kipo, maharusi wakishuka garini kipo, ufukweni jua likizama kipo. Muulize cha nini, atakujibu papo hapo: kinalainisha mwanga. Na kamati ya harusi ikimwona mpiga picha asiye nacho, inaanza kunong'ona kuwa huyu bado anajifunza.

Kikofia kile hakilainishi kitu. Kinacholainisha mwanga ni ukubwa wa chanzo chake ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa anayepigwa picha, basi. Chanzo kikiwa kikubwa na kiko karibu, mwanga unamfikia mtu kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, unapenya hadi ndani ya kivuli, na ukingo wa kivuli unafifia taratibu. Kikiwa kidogo, kivuli cha pua kinajichora shavuni kwa mstari mkali, uwe umekivika plastiki au hukukivika.

Shahidi wangu ni jua. Kipenyo chake ni kama kilomita milioni 1.4, lakini liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Ndiyo maana ukimpiga picha bibi harusi saa sita mchana macho yake yanageuka mashimo meusi. Sasa piga hesabu. Upana wa jua ni kama sehemu moja ya 108 ya umbali wake. Kikofia cha sentimita 8, mpiga picha akisimama mita 8 na nusu kutoka kwa maharusi, kina uwiano uleule. Kwa hiyo huyu ndugu yetu ametoa fedha yake ili bustanini, saa tatu usiku, ammulikie bibi harusi jua la saa sita mchana.

Mbona basi ukumbini picha zinatoka laini? Kwa sababu ya dari. Kikofia kinatawanya mwanga huku na huku. Ule unaopanda unagonga dari nyeupe ya jipsamu na kurudi chini ukiwa umetanda mita mbili au zaidi. Inayolainisha mwanga ni dari, kikofia kinapokea sifa zisizo zake. Kivue, geuza kichwa cha flashi kielekee juu au, bora zaidi, kwenye ukuta ulio nyuma ya bega lako la kushoto. Utapata ulaini uleule, na zaidi ya hapo utapata mwanga wenye upande: shavu moja linang'aa, la pili lina kivuli kidogo, sura inapata umbo. Kikofia kinakunyima hilo, maana sehemu ya mwanga wake inakwenda mbele moja kwa moja na kuufanya uso uwe bapa. Neil van Niekerk, mpiga picha za harusi anayefanya kazi Marekani, amejulikana kwa kufanya kinyume kabisa: anafunga kipande chembamba cha sponji nyeusi upande mmoja wa flashi, mwanga usiende mbele hata kidogo, uende ukutani tu. Kipande cha sponji! Kwenye chumba kidogo chenye kuta nyeupe, kile cha kumpambia bibi harusi kwa mfano, sitagombana na mwenye kikofia. Huo ni uvivu unaovumilika.

Nje ndiko balaa. Hakuna dari, mwanga unaopanda umepotea. Kikofia kimeshameza nusu ya nguvu au zaidi, na TTL, ule mfumo wa flashi kujipimia yenyewe, unaiamuru ifyatue kwa nguvu zaidi. Betri nne za AA zinachoka mapema. Ndafu inaletwa meza kuu kwa vigelegele, wabebaji wanakata kiuno, na mpiga picha kaganda anasubiri kitaa cha flashi kiwake.

Hata ndani penye dari, kuna tatizo la mapambo. Mwanga ukigonga kitambaa cha zambarau unarudi na zambarau yake usoni. Ukigonga makuti unarudi wa kahawia, tena kiduchu.

Linaloniudhi zaidi ni habari ya ngozi. Husemwa kwamba flashi haipatani na watu weusi, kwa hiyo lazima ivalishwe kitu. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Chanzo kidogo kinaacha doa jeupe kwenye paji la uso, kisha analaumiwa mpambaji na poda yake. Chanzo kikubwa kinautandaza mng'ao huohuo ukawa uzuri. Na uso ukitoka giza, mara nyingi mkosaji ni shela: TTL inaona weupe mwingi, inapunguza flashi. Dawa yake ni kuongeza fidia ya flashi kwenye kamera. Haiuzwi dukani.

Wala flashi tupu si dhambi. Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali, alizunguka sherehe za vijana wa Bamako na flashi yake, na mwaka 1963 akapiga Nuit de Noël, vijana wawili wakicheza gizani, picha ambayo dunia bado inaitazama. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Mwenye kutaka ulaini bustanini na achukue mwavuli mweupe wa mita moja, msaidizi aushike hatua mbili tu kutoka kwa maharusi. Asiye na msaidizi apandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, aziachie taa za mapambo zifanye kazi, flashi tupu iongezee kidogo.

Nanyi kamati, acheni kukagua kikofia. Mkienda kulipia ukumbi nendeni na mpiga picha, aione dari kabla mpambaji hajaifunika vitambaa. Akiomba ukuta mmoja wa pembeni uachwe mweupe, mpeni.