Eti Vitamini Hazidhuru

Muulize mtu anayemeza vidonge vya vitamini kila asubuhi bila kuandikiwa na daktari kwa nini anavimeza. Atakuambia ni vya kuongeza kinga, au damu, au nguvu. Ukimbana zaidi atamalizia kwa kauli ambayo wengi wetu tumeizoea: "Hata visiponisaidia, havinidhuru." Wauzaji wameikariri kauli hiyo, na hata baadhi ya wahudumu wa afya huirudia pasipo kufikiri. Mimi naipinga. Imekwishapimwa kwa majaribio makubwa, mengine yakifanyika hapa hapa kwetu, na haikusimama.

Tuanze na Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, upungufu wa damu ulikuwa umewaelemea watoto wadogo wa kisiwa hicho. Ushauri wa kimataifa wa wakati huo ulikuwa mwepesi kueleweka: chuma hujenga damu, kwa hiyo watoto wa maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu wapewe chuma. Watafiti wakaanza kuwapa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35 madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku. Dozi kamili ya chuma ilikuwa miligramu 12.5, na wachanga zaidi walipewa nusu yake. Ni dozi ndogo, iliyokuwa ikipendekezwa na wataalamu, wala si ya kubahatisha.

Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kabla ya muda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, yakihusu watoto zaidi ya 24,000. Waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa.

Inawezekanaje kirutubisho ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho kimdhuru mtoto? Vimelea vya malaria na bakteria wengi nao wanahitaji chuma ili wazaane. Mwili unalijua hilo. Maambukizi yakiingia, ini hutoa homoni inayoitwa hepisidini, ambayo hupunguza chuma kinachonyonywa kutoka kwenye utumbo na kukizuia kile kilichohifadhiwa kisiingie kwenye damu. Hiyo ni kinga. Ukimpa chuma mtoto ambaye hana upungufu wa chuma, naye anaishi penye mbu mwaka mzima, unaweza kuwa unamlisha adui yake.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Katika kundi dogo la watoto hao hao wa Pemba, waliopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu wakitibiwa malaria, wale waliokutwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika na dawa ile ile. Na huko Nepal, katika wilaya ya Sarlahi, jaribio pacha la chuma na asidi ya foliki lilifanyika katika tambarare ambako malaria si tishio kama Pemba. Vifo havikuongezeka, wala havikupungua. Dawa ni moja na umri wa watoto unalingana, lakini majibu yamekuja matatu, kwa sababu damu zilizopokea dawa hiyo hazikuwa na hali moja. Ndiyo maana leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba penye malaria, watoto wasigawiwe chuma kama hakuna mpango wa kuzuia, kupima na kutibu malaria.

Sasa tuvuke bahari hadi Dar es Salaam. Mwaka 1995 lilianza jaribio lililohusisha wajawazito 1,078 wanaoishi na VVU, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikuwa zinapatikana kwa watu wa kawaida. Mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulipunguza mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa na uzito mdogo, na baadaye ikaonekana unachelewesha ugonjwa kwa akina mama. Hiyo ni heri kubwa, wala siifichi. Lakini katika jaribio hilo hilo, akina mama waliopewa vitamini A pamoja na beta-karotini waliwaambukiza watoto wao virusi zaidi kuliko ambao hawakupewa. Vitamini A ndiyo ile ile tunayoisifu kwa kulinda macho na kuokoa watoto.

Dawa za kufubaza virusi zilipofika, wengi walidhani vitamini kwa kipimo kikubwa zingesaidia zaidi. Jambo hilo nalo likapimwa jijini humo humo kwa wagonjwa 3,418 walioanza dawa: wengine walipewa multivitamini za kipimo kikubwa, wengine kipimo cha kawaida. Kipimo kikubwa hakikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa usisonge mbele. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu vipimo vya damu vilionyesha dalili za ini kuathirika zaidi katika kundi hilo. Kilichowafaa wagonjwa wa miaka ya 1990 hakikuwafaa wa muongo uliofuata, ingawa mji ni mmoja na ugonjwa ni mmoja.

Atakayesema haya ni mambo ya nchi zenye malaria na VVU, namkumbusha Finland. Ilikuwa imeonekana kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi, na wenye beta-karotini nyingi mwilini, hupata saratani ya mapafu kwa nadra zaidi. Basi wanaume 29,133 wavutaji sigara wakaingizwa kwenye jaribio, wengine wakimeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Mwaka 1994 majibu yalitoka: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Karoti kwenye sahani na kidonge chenye kiini kimoja cha karoti si kitu kimoja.

Kwa ushahidi huu, tazama biashara inayoendelea mitaani. Unashikishwa kijifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache unatolewa karatasi yenye orodha ndefu: kalsiamu imepungua, zinki imepungua, ini limechoka. Hakuna tone la damu lililochukuliwa. Kiasi cha chuma mwilini hupimwa maabara, kwa damu, na hata hapo mtaalamu huangalia kama una maambukizi kabla ya kusema lolote. Kijifimbo hakiwezi kazi hiyo. Lakini karatasi ikishatoka, makopo yamekwishapangwa mezani, na muuzaji ni jirani au ndugu aliyeingia biashara ya mtandao, kwa hiyo kukataa ni aibu. Fedha ya makopo hayo ingenunua dagaa, maharage, mayai na mchicha wa familia nzima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtu asinielewe vibaya na kuacha dawa alizopewa kliniki. Mama mjamzito ameze vidonge vyake vya kuongeza damu, kwa sababu vinakuja pamoja na kipimo cha damu, dawa za kuzuia malaria na chandarua. Asidi ya foliki kabla na mwanzoni mwa mimba huzuia watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na chumvi yenye madini joto, vimethibitisha thamani yake. Hivyo vyote vina sifa moja: vilijaribiwa kwa watu wenye uhitaji unaojulikana, vikapewa kipimo, na kuna anayewajibika vikileta madhara.

Basi tudai hilo hilo kwa kila kopo. Mamlaka zinazosimamia dawa na chakula zisikubali kopo linalodai kutibu liuzwe kama chakula bila ushahidi uliopatikana kwa binadamu. Upimaji wa vijifimbo upigwe marufuku na anayeuendesha ashtakiwe, maana anatoa majibu ya maabara bila maabara. Nesi na daktari wamuulize kila mgonjwa anameza nini kingine nyumbani, hasa anayetumia dawa za VVU, kisukari au presha. Na wewe msomaji, kabla ya kutoa fedha, uliza mambo matatu: nimepimwa upungufu gani kwa damu, kidonge hiki kilijaribiwa kwa watu wa aina gani, na kitafanya nini pamoja na ugonjwa nilionao na dawa ninazotumia. Muuzaji asipokuwa na majibu, rudisha fedha mfukoni, na siku ya kliniki uombe kupimwa.