HIFADHI YA RUBONDO IWE NGAO YA WANAVISIWA

Kisiwa cha Rubondo, kilichoko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria katika Mkoa wa Geita, kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 456.8, na karibu nusu yake ni maji. Sehemu hiyo ya maji ndiyo inayoleta maneno.

Wananchi wa Maisome, Kome, Ikuza na vijiji vya mwambao wanauliza swali lililo wazi. Kwa nini nyavu za mvuvi zikiingia katika maji hayo ni kosa la kufikishwa mahakamani, ilhali mgeni aliyelipa kibali anaruhusiwa kutupa ndoano humo humo na kumvua sangara kwa burudani? Afisa akijibu kwamba sheria ndiyo isemayo hivyo, amesema kweli, lakini hajajibu. Swali la namna hii linastahili kujibiwa kwa hoja, na hoja yenyewe ipo.

Rubondo ni makazi ya zaidi ya aina 200 za ndege. Furukombe ni wengi kiasi kwamba ni nadra kupita ufukweni bila kusikia mlio wao. Katika visiwa vidogo vilivyo ndani ya hifadhi hutaga mnandi, yangeyange na kwarara, viota vikiwa vimesongamana juu ya miti hata matawi yakawa meupe kwa kinyesi. Tena kila mwaka, kuanzia Septemba na Oktoba, huwasili wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi: mbayuwayu, membe na jamii mbalimbali za ndege wa matopeni. Hao hujilisha kwa wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, na kwa vijidudu vya matopeni, hata ifikapo Machi na Aprili warudi kwao kuzaa.

Ndege hawakuchagua mahali hapo kwa bahati nasibu. Atagaye katika kundi hutafuta kisiwa kisichofikiwa na watu wala wanyama walao mayai. Mtumbwi mmoja ukisogea karibu, kundi zima huruka. Katika dakika hizo chache mayai na makinda hubaki wazi kwa jua kali, na kenge na mwewe hupata mlo wa bure. Bughudha hiyo ikirudiwa mara kwa mara, kundi huhama. Kwa sababu hiyo mgeni anayezuru visiwa hivyo, awe Mzungu wa ng'ambo au mwanafunzi wa Muganza, atazame kutoka mbali, chombo kikiwa kimepunguza mwendo na injini imetulia, wala asikanyage nchi kavu penye viota.

Mvuvi atauliza: hayo ya ndege yananihusu nini mimi ninayetafuta riziki? Yanamhusu sana. Mafunjo na matete yanayomficha ndege ndiyo yanayochuja tope liingialo ziwani, na katika mizizi yake ndimo vifaranga vya sato hujificha wasiliwe na sangara. Maji yaliyofungwa kwa ajili ya hifadhi ni mazalia ya samaki. Samaki hana habari ya mpaka. Akikua hutoka, na akitoka hukutana na nyavu za Maisome na Kome. Kwa hiyo hifadhi hii ni ghala la mbegu la wavuvi wenyewe, na mkulima mwenye busara hali mbegu hata akishikwa na njaa.

Wapo wanaomlaumu mnandi kwamba ni mwizi wa samaki. Tuwe wakweli. Mnandi huzamia kutafuta mlo wa siku na makinda yake, wala hana soko la kupeleka. Kokoro moja likivutwa penye mazalia hukomba wakubwa na wachanga, mayai na majani, na kuacha ardhi tupu. Wanaomaliza ziwa wana mikono, si mabawa.

Jambo la sumu ni zito zaidi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria wasiingie katika masoko yake kwa hofu kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu za kuulia wadudu. Tamaa ya wachache ilifunga soko la wote, na mvuvi mwaminifu akaumia pamoja na mwovu. Sumu hiyo haichagui. Furukombe humla samaki aliyelewa sumu akaelea, naye akafa. Basi ndege ni mlinzi wa zamu. Tukiona mizoga yake ufukweni, tujue kwamba hatari imekwisha fika katika maji tunayokunywa.

Hata hivyo, haitoshi kumhubiria mwananchi. Historia ya Rubondo inawahusu viongozi pia. Wavuvi waliokuwa wakiishi kisiwani humo walihamishwa ili kupisha hifadhi, nao wakaenda kukaa visiwa vya jirani na bara. Watoto na wajukuu wao ndio majirani wa leo. Mtu ambaye babu yake aliondolewa hawezi kutazama mpaka huo kama anavyoutazama mtumishi aliyehamishiwa kituoni mwaka jana. Tena bunduki peke yake haikutosha kulinda. Faru weusi walioletwa Rubondo katika miaka ya 1960 waliangamizwa na majangili. Askari mmoja hawezi kukesha katika kila ghuba, lakini kijiji kizima kinaweza.

Mfano haupo mbali. Upande wa Uganda, karibu na mahali Mto Kagera unapoingia ziwani, kuna visiwa vya Musambwa, vyenye kundi kubwa kuliko yote barani Afrika la shakwe wenye vichwa vya kijivu wanaotaga. Wavuvi wanaishi hapo hapo. Zamani mayai yaliokotwa kwa wingi yakawa kitoweo. Chama cha uhifadhi cha NatureUganda kilikaa na wavuvi wakajadiliana, wakawekeana masharti ya kuacha viota. Mwaka 2006 eneo hilo liliandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu duniani. Nchi yetu nayo iliandikisha maeneo 4 kati ya mwaka 2000 na 2004: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kati ya hayo 4, hakuna hata moja la Ziwa Victoria, ingawa karibu nusu ya ziwa hilo iko Tanzania. Wizara zinazohusika zina wajibu wa kulitazama jambo hili.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, palipo na mashaka juu ya mpaka wa majini, maboya yawekwe na yatunzwe. Mstari wa ramani hauonekani usiku wa upepo, na si haki kumtia mtu hatiani kwa mpaka asioweza kuuona. Pili, vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi vya vijiji vya jirani viitwe mezani kabla ya doria kupangwa, si baada ya nyavu kuchomwa. Tatu, mapato ya wageni yaonekane visiwani. Mpango wa ujirani mwema wa Shirika la Hifadhi za Taifa ni mzuri, lakini wananchi wasomewe mkutanoni kimepatikana nini na kimetumikaje, na vijana wao wawe wa kwanza kufikiriwa katika kazi za kuongoza wageni na kuendesha vyombo.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipiga vita ukubwa na dharau za viongozi kwa raia. Chama kimebadili jina, lakini funzo hilo halijachakaa. Afisa anayeshuka gatini akifoka huwafundisha watu kuichukia hifadhi, na chuki hiyo huwashukia ndege wasio na hatia.

Kwa upande wao, wanavisiwa wasingojee kusukumwa. Anayetega sumu anajulikana kijijini. Anayeficha kokoro anajulikana. Kumnyamazia ni kumpa riziki ya wanao. Wenye kufuata dini wanakumbuka jinsi Mtume alivyoamuru makinda yarudishwe kwa mama yao aliyekuwa akihangaika angani. Ikiwa ndege wawili walistahili amri hiyo, makundi mazima yaliyokabidhiwa mikononi mwetu yanastahili zaidi.

Serikali na itimize wajibu wake wa kueleza na kugawana, na wananchi watimize wao wa kulinda. Upande mmoja ukitegea, mazalia yatakwisha, na njaa itakayofuata haitamuuliza mtu kama alikuwa askari au mvuvi.